Kona ya Azikiwe na Sokoine: hukumu iliyochelewa

Ukishuka daladala Posta Mpya asubuhi, ukaipita sanamu ya Askari na kuufuata Mtaa wa Azikiwe kuelekea baharini, dakika chache tu unafika kwenye kona ya Barabara ya Sokoine. Hapo lipo kanisa la Kilutheri la Azania Front, kuta nyeupe na vigae vyekundu, lililoanza kujengwa 1898 na kumalizika 1902. Jirani yake imesimama Hoteli ya New Africa, ghorofa juu ya ghorofa. Kanisa ni lile lile la Wajerumani. Hoteli siyo. Ile ya kwanza ilijengwa 1906 ikaitwa Kaiserhof, ikabadilishwa jina baada ya Waingereza kuuchukua mji, ikalaza wageni vizazi vitatu, kisha katika miaka ya 1990 ikavunjwa ikawa kifusi. Hapakuwa na vita wala tetemeko. Ilivunjwa mchana kweupe, watu wakipita zao, na sisi wenye kalamu tukageukia habari nyingine.

Tuseme wazi aliyevunja ni nani. Novemba 1914 manowari za Waingereza ziliupiga mji huu mizinga, ikulu ya gavana wa Kijerumani ikaharibiwa, na Kaiserhof ikabaki imesimama. Kule Nairobi, Hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa 1904 ililipuliwa kwa bomu usiku wa tarehe 31 Desemba 1980. Watu walikufa, sehemu ya jengo ikaporomoka. Wenyewe walizika maiti, wakaondoa kifusi, wakajenga upya palipoharibika, na Norfolk ipo mpaka leo. Yetu haikulipuliwa na mtu. Yetu iliitiwa tingatinga.

Kwa hiyo tunatoa hukumu, hata kama imechelewa zaidi ya robo karne. Kubomolewa kwa Kaiserhof lilikuwa kosa dhidi ya mji huu. Anayesoma sheria za nchi atatuambia kuwa hakuna sheria iliyovunjwa, nasi hatutabishana naye. Hapo ndipo kesi yetu inapoanzia.

Vijana wengi wanaopita kona ile hawajui kilichokuwepo, kwa hiyo tuwape shauri lenyewe. Mwaka 1906 haukuwa mwaka wa raha katika nchi hii. Tarehe 27 Februari, kule Songea, Wajerumani waliwanyonga makumi ya wapiganaji wa Maji Maji. Kusini yote mashamba na maghala yalikuwa yakichomwa moto, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Huku Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine kabisa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa 1905, ilikuwa ikisogea kuelekea Morogoro, ambako ilifika 1907. Wahandisi, mawakala wa meli, wenye mashamba ya mkonge na maofisa wa serikali walikuwa wakishuka bandarini wakitaka kitanda chenye chandarua, maji ya kuoga na bia. Kaiserhof ilijengwa kwa ajili yao. Hata jina lilikuwa la kujitapa: Berlin ilikuwa na hoteli yake mashuhuri iliyoitwa Kaiserhof, ua wa Kaisari, na walowezi walitaka kila atakayeshuka melini ajue kwamba Kaisari amefika mpaka Uzaramo.

Mahali pake hapakuchaguliwa kwa bahati. Kanuni za ujenzi za 1891, mwaka ule ule Wajerumani walipohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo, zilikuwa zimekwisha kuugawa mji kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilimaanisha rangi ya mtu. Ufukweni na mashariki yake palitengwa kwa majengo ya Kizungu. Wahindi na maduka yao walipata katikati. Mwenye nyumba ya miti, udongo na makuti alisukumwa nyuma, upande ambao leo ni Kariakoo na Ilala. Ukiona hata sasa tunavyosema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bila kufikiri, ujue tunasoma kwa sauti ramani ya mtu mwingine.

Basi tukubali mapema: jengo lile halikujengwa kwa ajili yetu. Mwafrika wa wakati ule aliingia hoteli za aina ile kwa mlango wa jikoni, mikono ikiwa imejaa sahani au mashuka. Ndiyo maana wapo wanaouliza, nasi tumewasikia mara nyingi kwenye vijiwe vya kahawa, kuna haja gani ya kuililia hoteli ya Kaisari. Walioijenga walitunyonga, imevunjwa, yamekwisha. Ni hoja yenye uchungu wa kweli ndani yake. Hata hivyo tunaikataa.

Tunaikataa kwanza kwa sababu mawe yale hayakuchimbwa na Kaisari. Yalichimbwa, yakabebwa kichwani na kupangwa na watu wa pwani hii, kwa ujira mdogo au kwa kulazimishwa. Kulivunja jengo hakukuwalipa kitu. Kuliwaondolea ushahidi tu.

Tena tazameni kilichotokea kwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana aliyesifiwa na wenzake kwa kuzima upinzani wa pwani. Wajerumani walimsimamisha mjini hapa. Waingereza walipofika wakamng'oa, na mahali pake, mwaka 1927, wakamweka Askari wa shaba tunayemjua, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Wissmann mwenyewe alisafirishwa Ulaya, akasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakamwangusha kwa kamba. Hata huyo hakuyeyushwa. Kitu kilichokataliwa mara mbili, na mabara mawili, kimehifadhiwa ili watu wakione na wagombane juu yake. Sisi kwa hoteli yetu hatukubakiza hata cha kugombania.

Lakini sababu kubwa ni nyingine. Jengo lile liligeuka. Wakoloni waliliita New Africa kwa maana yao wenyewe, na historia ikalichukua jina hilo ikalipa maana ya kweli.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miezi sita baadaye, tarehe 25 Juni 1962, FRELIMO iliundwa katika mji huu. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka hapa makao ya Kamati yake ya Ukombozi. Afrika Kusini, Rhodesia, Msumbiji, Angola, Afrika ya Kusini Magharibi: kila nchi iliyokuwa bado kifungoni ilikuwa na chama chake mjini, na baadhi chama zaidi ya kimoja, wenyewe kwa wenyewe hawasemezani. FRELIMO walikuwa Mtaa wa Nkrumah, na wengine hawakuwa mbali. Mchana watu hawa walikuwa ofisini wakiandika matamko na kungoja fedha. Jioni, upepo wa bahari ulipoanza kuvuma, walikuwa New Africa, barazani.

Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari kutoka Poland aliyefika Dar es Salaam 1962, aliandika juu ya baraza hilo kama mahali ambapo Afrika nzima ilikuja kula njama. Alikuwa na kipaji cha kutia chumvi, wenzake wamelisema hilo, lakini katika hili hakuhitaji chumvi nyingi. Pale meza moja ilikaa wapigania uhuru, meza ya pili waandishi waliowawinda, na meza ya tatu majasusi waliowawinda wote wawili. Mhudumu aliyepita katikati na sinia la bia alijua kuliko balozi. Kijana aliyetoroka Lourenço Marques au Salisbury, na ambaye kwao asingeruhusiwa kuketi katika hoteli kama ile, hapa alivuta kiti, akaagiza, akahudumiwa. Miaka michache kabla ya hapo hata Mtanganyika asingefanya hivyo. Mnataka mnara gani wa uhuru unaouzidi huo?

Kiswahili kina neno baraza, na si bure kwamba neno hilo lina maana mbili. Baraza ni pale mahali pa kukaa, mbele ya nyumba, nusu ndani nusu barabarani. Baraza pia ni kikao chenyewe, mpaka leo tunasema Baraza la Mawaziri na Baraza la Mji. Wazee wa lugha hii walijua kwamba mahali na mazungumzo ni kitu kimoja, na ukiondoa pa kukaa umeondoa na la kusema. New Africa ya zamani ilikuwa baraza kwa maana zote mbili. Mwenye shilingi za chai moja aliweza kukaa pale akaona nani ameingia na nani, huku mtaa ukipita mbele yake. Hoteli za siku hizi zina ukumbi wa mapokezi nyuma ya mlango wa kioo, mlinzi na mashine ya kukagua mabegi. Hatuzilaumu, nyakati zimelazimisha. Ila hakuna chama cha ukombozi kitakachozaliwa kwenye ukumbi wa mapokezi.

Na tuwe wakweli kwa hoteli iliyopo sasa. Haina kosa lolote mbele yetu. Inafanya biashara yake halali, inaajiri watu, imelibakiza jina. Hatuko hapa kuwashtaki wapokeaji wageni.

Anayetaka kujua tulichopoteza kwa mkono wake mwenyewe, aende Boma la Kale, hapo hapo Barabara ya Sokoine, upande wa bandari. Aguse ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mapana kiasi kwamba kidirisha kimekuwa kama kibanda, mtoto anaweza kukaa ndani yake akasoma kitabu. Saa saba mchana nje lami inayeyuka, na ndani ukiweka kiganja ukutani unahisi ubaridi kama wa mtungi. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta pumzi. Chokaa nayo inapumua. Wajerumani hawakuvumbua ufundi huo; waliukuta kwa mafundi wa pwani wakaongeza boriti za chuma, baraza ndefu za kivuli na madirisha yanayopokezana upepo. Majengo yao ya wakati ule yaliishi bila umeme wa kupoza. Ya leo umeme ukikatika dakika kumi, watu wanashuka ngazi mbio kutafuta hewa.

Boma la Kale lina kejeli yake katika shauri hili. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said, mwanzilishi wa mji huu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulaza wageni wa Sultani. Kwa maneno mengine ndilo jengo la kwanza la kupokea wageni Dar es Salaam, babu wa hoteli zote za mji. Majid alifariki 1870, mdogo wake Barghash hakuwa na haja na mji huu, boma likapita mikononi mwa Wajerumani, Waingereza na serikali yetu. Limewahi kuwa boma, limewahi kuwa ofisi. Leo lina kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, lenye picha za mji wa zamani na watu wa kukueleza. Limeponea chupuchupu, tena si kwa uangalifu wetu. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitamani tu.

Sasa tufike kwenye sheria, maana ndiko mshtakiwa wa kwanza aliko.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Msomaji, simama hapo kidogo. Sultani Majid alianza kujenga mji huu katika miaka ya 1860. Boma la Kale lenyewe ni la 1866. Maana yake ni kwamba jiji zima la Dar es Salaam, kuanzia jiwe lake la kwanza la maana, limezaliwa upande wa pili wa mstari. Hakuna jengo mjini kati linalolindwa kwa umri wake. Kinachobaki ni Waziri kuamua kulitangaza jengo fulani katika Gazeti la Serikali kuwa ni la kuhifadhiwa. Akitangaza, lipo salama. Asipotangaza, halipo. Na kinachotolewa kwa kalamu ya waziri mmoja kinaweza kuondolewa kwa kalamu ya waziri mwingine, jioni moja, bila Bunge kuulizwa wala mwananchi kusikia.

Sheria hiyo hiyo inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, pamoja na fremu zake. Ni jambo jema, milango yetu iliibwa sana. Lakini angalieni matokeo yake. Nyumba ya 1910 yenye mlango wa kuchongwa, mlango una sheria, ukuta unaoushika hauna. Unaweza kuivunja nyumba yote ukabaki na mlango umesimama uwanjani peke yake, na ukawa raia mwema.

Mshtakiwa wa pili ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo kwa sehemu kubwa ni sisi, yaani umma. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Uhindini mzima, nyumba zenye majina ya familia na mwaka wa kujengwa vilivyochongwa kwa saruji juu ya roshani, zikaingia kwa Msajili wa Majumba. Gazeti hili halisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Siasa yake ilikuwa na sababu zake, na wapangaji wengi walipata paa kwa kodi waliyoiweza. Ila kodi ile ya chini haikutosha kununua rangi. Miaka ishirini bila fundi, mabomba yakavuja ndani ya kuta za chokaa, miche ya mivumo ikaota kwenye mabaraza. Mwaka 1990 mali za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Milango ya soko ilipofunguliwa na bei ya kiwanja ikapanda, kila mtu aliyaangalia majengo yale akaona kitu kimoja: ardhi iliyokaliwa na uchafu. Ndipo likaja neno ubia. Umma una kiwanja, mwekezaji ana fedha, katikati yao lipo jengo la zamani lisilo na mtetezi. Mabati ya uzio yanapigwa misumari Ijumaa, na Jumatatu kuna shimo.

Jengo la Salamander, Barabara ya Samora, lilikwenda kwa njia hiyo ya mabati na shimo. Watu waliopanga kukutana "pale Salamander" kwa miaka nenda rudi sasa wanaelekezana mnara wa ofisi wenye jina hilo hilo. Inaelekea tumekuwa hodari wa kutunza majina.

Mmoja wetu alikwenda hivi karibuni katika ofisi moja ya umma, tusiyoitaja, kuuliza kama kuna michoro au picha za vipimo za majengo yaliyovunjwa katikati ya mji. Alipokewa vizuri. Karani alimkaribisha kiti, akafungua kabati la chuma, akatoa mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, akayapangusa vumbi kwa kitambaa cha njano alichokuwa nacho mfukoni, akayapitia moja moja akilamba kidole. Majalada yalikuwa na namba. Ndani ya mengine hamkuwa na karatasi. "Kaka, hili faili lipo, ila halionekani," alisema, bila kucheka, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa. Akaahidi kupiga simu. Hatumlaumu. Yeye hakuyapoteza, aliyakuta hivyo. Lakini nchi ambayo faili lake lipo ila halionekani haiwezi kuulizwa nani aliyetia saini, na asiyeulizwa hutia saini tena.

Watetezi wa bomoabomoa husema mji lazima ukue. Nani amekataa? Tunachohoji ni kukua kwa namna gani. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na makutano ya Indira Gandhi na Morogoro liliporomoka asubuhi, likaua watu zaidi ya 30, watoto waliokuwa wakicheza kando yake wakiwemo. Umri wa zege lake ulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Azania Front, iliyojengwa kwa mikono na kapi, imesimama zaidi ya karne. Hatusemi kila kipya ni kibovu. Tunasema anayekuja na hoja kwamba jengo la zamani ni hatari kwa wapita njia, basi alete na cheti cha lake.

Wala hatusemi kutangazwa pekee kunatosha. Zanzibar wana mamlaka ya Mji Mkongwe tangu miaka ya 1980, na tangu 2000 wamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, ilianguka wakati likifanyiwa ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Karatasi haizuii mvua kuingia ukutani. Lakini tofauti ni hii: Zanzibar jumba lilipoanguka, nchi nzima ilishika kichwa, na swali la siku ya pili lilikuwa ni lini litasimamishwa tena. Kaiserhof ilipoanguka swali lilikuwa la mpangilio wa maegesho.

Na uwezo tunao, ushahidi upo mjini humu humu. Klabu ya Dar es Salaam, ile ya Wazungu pale Kivukoni, iliyokuwa na ubaguzi kuliko hoteli yoyote, ikawa Hoteli ya Forodhani baada ya uhuru, na baadaye ikawa Mahakama ya Rufani. Fikirini hilo. Ukumbi ambao Mwafrika hakuruhusiwa kuketi, majaji wa Kiafrika walikuja kuketi humo juu ya kesi za nchi nzima. Hakuna mnara wala hotuba ingeweza kulieleza jambo hilo kwa ufasaha kuliko jengo lenyewe lilivyolieleza kwa kubaki tu mahali pake. Hoteli ya Kilimanjaro nayo, fahari ya 1965, ilifungwa, ikachakaa, watu wakaizika kwa maneno. Kisha ikakarabatiwa na leo inapokea wageni kwa jina jingine, umbo lake likiwa bado linatambulika kutoka baharini. Hayo yalifanyika bila miujiza. Yalihitaji mtu mmoja mwenye madaraka aseme: hili libaki.

Tunaandika haya sasa kwa sababu hatari mpya imekaribia. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi nyingi za mjini kati zimepungukiwa watu. Yale majengo ya Kijerumani ya wizara, ya mitaa yenye miti mikubwa karibu na bustani ya mimea, yenye baraza za mbao na paa za vigae, yamebaki na walinzi na kunguru. Kiwanja kile ni cha thamani kuliko chochote katika jiji hili. Mtu fulani, mahali fulani, ameshakipigia hesabu. Tusingoje mabati.

Adhabu tunayoidai ni hii. Bunge liufute mwaka 1863 kutoka katika sheria. Ni mwaka wa mtu aliyechora mstari bila kuitazama Dar es Salaam, na ukiendelea kukaa humo, kila mbunge anayepita Barabara ya Sokoine anapaswa kuona haya. Uwekwe umri unaosogea pamoja na kalenda, miaka sabini au themanini, jengo likifika umri huo lihesabiwe la kulindwa mpaka atakayetaka kulivunja athibitishe vinginevyo mbele ya watu, kwa maandishi, na majina yake. Kuliondoa jengo kwenye orodha kupite Bungeni, kusiwe tena kazi ya kalamu moja. Halmashauri ya Jiji isitoe kibali cha kubomoa chochote cha kabla ya uhuru bila picha za kila chumba na michoro ya vipimo kuwekwa Makumbusho ya Taifa, kwa gharama ya mbomoaji. Vyuo vyetu vya usanifu vina vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Watumwe.

Shirika lolote la umma linalomiliki jengo la zamani litangaze hadharani linamiliki lipi na lina mpango gani nalo. Ni mali yetu. Hatuombi siri ya mtu.

Sisi waandishi tumo kizimbani pia. Miaka ile ya 1990 tulijaza kurasa na habari za vyama vingi, ubinafsishaji, bei ya sukari, na hoteli ambamo nusu ya habari za kusini mwa Afrika zilinong'onezwa ikavunjwa mlangoni mwetu bila tahariri hata ya aya moja. Hii ndiyo hiyo tahariri. Msomaji atuhukumu kwa urefu wa kuchelewa kwake.

Na kwenye kona yenyewe, pale Azikiwe inapokutana na Sokoine, Jiji liweke kibao. Kisiwe cha plastiki. Kiwe cha shaba, kwa Kiswahili kwanza, kimo cha macho ya mtu mzima, ukutani au kwenye nguzo, mahali ambapo anayengoja taa ya kuvuka barabara atakisoma. Kiseme kwamba hapa ilisimama Kaiserhof, 1906, iliyojengwa kwa mikono ya watu wa pwani hii mwaka ambao ndugu zao walinyongwa Songea; kwamba ikaitwa New Africa; kwamba barazani pake walikaa watu waliokwenda kuzikomboa nchi zao. Kiseme pia mwaka ilipobomolewa, na chini yake nafasi ya jina la aliyetia saini iachwe wazi, mpaka faili lionekane.